Sanduku la Wasomaji: Voliboli kama Kazi

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi za Mombasa, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anaweza kula kwa jasho la voliboli? Anaweza. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamefika Olimpiki mara 4, Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2020 (iliyochezwa 2021) na Paris 2024, na wengi waliovaa jezi hiyo mchezo ndio uliowapa ajira. Lakini njia ni nyembamba, na mitego yake ni ile ile mwaka hadi mwaka. Tujibu moja moja.

Nina miaka 17 na urefu wa mita 1.74. Shuleni nachapa kutoka kushoto na ndiye ninayefunga pointi nyingi. Kocha wa timu ya ligi alinitazama akasema nimepungukiwa na urefu. Je, niache?
*Mchapaji, Changamwe*

Usiache, mwanangu, ila badilisha nafasi. Kocha wa ligi hajali kichwa chako kiko wapi. Anataka kujua kiganja chako kinafika wapi. Jipime. Paka chokaa kwenye ncha za vidole, simama ubavu kwa ukuta, nyoosha mkono mmoja juu, weka alama. Kisha ruka kwa hatua zako za kuchapa, ukikimbia sambamba na ukuta wala si kuuelekea, uguse juu kabisa. Fanya mara 3, chukua alama ya juu. Mtu wa urefu wako akisimama hufika kama mita 2.28. Akiruka sentimita 75, na huko ni kuruka hasa, yuko mita 3 na kitu. Wavu wa wanaume uko mita 2.43, kwa hiyo shuleni unafunga. Lakini wachapaji wa kiwango cha kimataifa hugusa kwenye mita 3.40, na pengo la sentimita zaidi ya 35 halizibwi kwa mazoezi ya miguu.

Zimebaki nafasi mbili zisizohukumiwa kwa urefu sana: seta, anayewainulia wachapaji mpira, na libero. Seta naye hupanda kuzuia, kwa hiyo makocha bado watamtaka mrefu. Libero hazuii, hapigi sevu katika sheria za kimataifa, na haruhusiwi kuupeleka mpira upande wa pili ukiwa wote uko juu ya wavu. Kazi yake ni kupokea na kuokoa. Timu inaruhusiwa kuwa nao wawili, na timu nzuri huwatafuta kwa tochi kwa sababu shule zetu huwageuza watoto wote kuwa wachapaji.

Kabla ya kwenda majaribio, pima mapokezi yako. Mtafute mtu apige sevu 50, nusu za kuelea, nusu za kuruka. Weka kiti anaposimama seta, hatua moja kutoka wavuni, kulia kidogo ya katikati. Jipe 3 kama mpira umefika pale na seta angeweza kumpa yeyote, hata mchapaji wa kati. Jipe 2 kama angelazimika kusogea lakini ana chaguo mbili, 1 kama kilichobaki ni kurusha mpira wa juu pembeni, 0 kama umepotea. Jumlisha, gawa kwa 50. Ukipata 2.2 na zaidi dhidi ya sevu kali, nenda ukajionyeshe.

Wachapaji wanaogeuka malibero hukosea hapa: wanapunga mikono. Sevu ya kuelea haizunguki, hivyo upepo unaiyumbisha nusu mita ya mwisho, na mikono inayopunga tayari imeshachagua njia. Miguu ifike kwanza, mikono iunganishwe mapema, kisha bega lielekeze mpira. Mikono yenyewe itulie.

Nimemaliza kidato cha nne. Timu za ligi huwalipaje wachezaji wao?
*Kijana wa Mikindani*

Timu zetu kubwa ni za taasisi: KPA ya bandari hapa nyumbani, GSU na DCI za polisi, Magereza, benki ya KCB, kampuni ya Kenya Pipeline. Haziishi kwa tiketi za mlangoni. Kwa hiyo anayechukuliwa aghalabu huchukuliwa kama mfanyakazi au askari anayecheza. Swali la kumuuliza meneja siku ya kwanza ni hili: ni ajira ya kudumu, ni mkataba wa muda, au ni posho? Posho hukatika mkondo wa mwisho wa ligi ukiisha, na goti likiumia nayo imeumia. Ajira ina bima na akiba ya uzeeni ya NSSF, na siku ukistaafu kucheza bado una meza ya kurudi. Sisi tungemshauri kijana achukue ajira ya mshahara mdogo, aache posho nono.

Upande wa askari, jua kwamba kuna mafunzo ya miezi kadhaa kabla ya kushika mpira tena, na kwamba kwanza wewe ni askari. Tayarisha kitambulisho, cheti cha KCSE cha kidato cha nne, PIN ya kodi ya KRA na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Kuna vijana wanaofuzu uwanjani kisha nafasi inapita wakikimbizana na karatasi moja.

Jambo la mwisho: ligi yetu huchezwa kwa mikondo, timu zinakusanyika mji mmoja na kucheza siku mfululizo. Anayeng'ara Ijumaa na kuchechemea Jumapili hana faida kwa kocha. Jizoeze kucheza siku 3 mfululizo kabla hujaitwa.

Binti yangu ana miaka 16, mrefu, anacheza vizuri. Kuna bwana amekuja nyumbani mara mbili, anasema atampeleka kucheza nje na anataka shilingi 60,000 za viza na usajili. Nifanye nini?
*Mama, Likoni*

Mama, usitoe hata shilingi. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Wakala wa kweli hulipwa baada ya mkataba kusainiwa, mara nyingi na klabu yenyewe, na desturi ni asilimia 10 hivi ya mshahara. FIVB, chombo cha voliboli duniani, hutoa leseni kwa mawakala. Mwambie akuonyeshe leseni yake, jina la klabu, na barua ya mwaliko iliyotoka kwa klabu moja kwa moja. Kisha iandikie klabu ile mwenyewe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile aliyokupa yeye.

Sasa elewa njia halali ilivyo, maana ukiijua hakuna wa kukuzungusha. Mchezaji hawezi kucheza ligi ya nchi nyingine bila hati ya uhamisho wa kimataifa. Hati hiyo huombwa kwenye mfumo wa FIVB na kuidhinishwa na pande kadhaa: klabu inayomchukua, shirikisho la nchi anakokwenda, mchezaji, na shirikisho lake la asili. La asili maana yake ni pale aliposajiliwa mara ya kwanza kabisa. Binti akisajiliwa kwanza Kenya, hata akacheze nchi tatu, shirikisho la Kenya ndilo litakaloulizwa kila mara. Hati ina kikomo cha muda. Ukiisha, anarudi mikononi mwa shirikisho lake la asili. Na kwa kuwa yuko chini ya miaka 18, sahihi ya mzazi inahitajika. Sahihi yako, mama. Mtu anayesema "hilo tutalimaliza huko huko" amekwisha kujieleza.

Wanaopita njia ya panya tunajua wanavyokwama. Anafika na viza ya utalii, klabu haiwezi kumlipa kisheria, hati haijatoka, anakaa jukwaani wiki 5 akitazama wenzake, pesa za chakula zinakwisha, na pasipoti iko kabatini kwa mwenye nyumba. Pasipoti ya mtoto ombeni wenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, na isitoke mkononi mwake.

Angalia pia majira. Ligi nyingi za Ulaya huanza karibu Oktoba na kuisha Aprili au Mei, hivyo mikataba mingi husainiwa kati ya Mei na Agosti. Ofa ya Januari si lazima iwe ya uongo. Mara nyingi kuna mtu ameumia na wanataka wa kuziba pengo miezi 3 au 4. Ila mkataba mfupi hivyo udai mshahara wa mwezi wa kwanza mapema.

Siku karatasi ikija mezani, isome mstari kwa mstari. Mshahara ni wa mwezi au wa msimu, kwa sarafu gani, na je, ni kabla au baada ya kodi? Unalipwa tarehe ngapi, na ukichelewa siku ngapi mchezaji ana haki ya kuondoka? Nyumba ni ya peke yake au ya watu wanne? Tiketi ni ya kwenda na kurudi? Ada ya hati ya uhamisho ni juu ya nani? Jibu liwe klabu, na liandikwe. Bima ya matibabu ianze siku anayoshuka kwenye ndege, kwa sababu wengi huumia wiki mbili za mwanzo, mwili ukiwa haujazoea baridi na mazoezi ya mara mbili kwa siku. Akiumia, mshahara unaendelea hadi lini? Ataruhusiwa kuitikia wito wa timu ya taifa? Mgogoro ukitokea unaamuliwa wapi? Mikataba mizuri hutaja baraza la FIVB lililoko Lausanne, Uswisi; mibaya hutaja mahakama ya mji wa klabu, usikojua hata lugha yake.

Kuna kifungu kimoja cha kukiogopa kuliko vyote: kwamba mkataba utaanza kufanya kazi "kocha akiridhika". Hicho kinageuza mkataba kuwa majaribio yasiyo na mwisho. Kipimo cha afya ni sawa, lakini kifanyike ndani ya siku 3 za kufika na majibu yatolewe kwa maandishi. Kama nakala ni za lugha mbili, iandikwe ipi ndiyo inayoshinda.

Na binti amalize shule kwanza, mama. Miaka 18 hadi 20 si kuchelewa kabisa kwa mchezo huu.

Ninavaa hijabu. Je, nitakataliwa nikifika mashindano makubwa?
*Msichana wa Mji wa Kale*

Hutakataliwa. Mwaka 2016 huko Rio, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu, na dunia nzima ikamwona. Kinachokataliwa ni pini. Sheria inakataza kitu chochote kinachoweza kumjeruhi mtu, kwa hiyo vaa ile ya kuvutika inayoshonwa kipande kimoja, iingie ndani ya jezi shingoni. Nguo za ndani za kubana ziwe za rangi ya jezi, na kocha wako aulize waandaaji kabla ya siku ya mechi, si refa akiwa na filimbi mdomoni. Chukua mbili, kwa joto la Mombasa ya kwanza italowa seti ya pili na kuanza kuteleza machoni.

Goti la kushoto linaniuma chini ya kifuniko. Nikipata joto linaachia, asubuhi linarudi. Natumia mkono wa kulia. Nimeambiwa nichome sindano nicheze.
*Mchezaji, Tudor*

Ndugu, gusa kwa kidole kimoja. Kama maumivu yako pale pale ncha ya chini ya kifuniko cha goti, huo ni uchovu wa kano, ugonjwa mkubwa wa wachapaji. Goti likiwa limevimba, likikwama, au lililia "tap" kisha likakuachia ukaanguka, hilo ni jambo jingine na ni la hospitali leo.

Kwa nini kushoto? Anayechapa kwa mkono wa kulia mwili humlalia kushoto hewani, akatua kwa mguu huo peke yake. Hesabu: mruko wa kuchapa mara 60 kwa zoezi, mara 4 kwa wiki, yote juu ya kano moja, na viwanja vyetu vingi ni saruji. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka nyuma, miruko 10. Ukitua kwa mguu mmoja zaidi ya mara 3, umeona chanzo. Mara nyingi dawa iko kwenye hatua zako: unafika chini ya mpira ukiwa umechelewa au umeupita, ndipo unajipinda. Anza nusu hatua baadaye, uwe na mpira mbele ya bega la kulia, tua kwa miguu yote miwili, magoti yakikunja polepole bila kishindo.

Sindano za kuondoa uvimbe zikichomwa kwenye kano zinaweza kuidhoofisha. Utacheza Jumamosi, kisha utalipa. Kupumzika kabisa nako hakuponyi, kwa sababu kano isiyobebeshwa mzigo inazidi kulegea. Fanya hivi, ikiwezekana chini ya macho ya mtaalamu wa viungo.

Wiki 2 za mwanzo, kata miruko iwe nusu. Kila siku, egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti, magoti yamekunjwa nyuzi 70 hadi 90, shikilia sekunde 45, pumzika dakika 2, mara 5. Wengi husikia maumivu yakipungua hapo hapo. Kisha ingia kwenye uzito: kuchuchumaa na mzigo mabegani mara 3 kwa wiki, sekunde 3 kushuka, sekunde 3 kupanda, seti 4. Anza na mzigo unaoweza mara 15 tu, na kadiri wiki zinavyopita ongeza mzigo, punguza idadi hadi 6. Ni kazi ya wiki 12. Anayeacha wiki ya 4 kwa sababu amepata nafuu, wiki ya 7 anarudi alipokuwa.

Maumivu madogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kati ya 10, si hatari. Kipimo ni kesho yake: chuchumaa kwa mguu ule mmoja asubuhi. Yakiwa makali kuliko jana, jana ulizidisha, punguza.

Nacheza ndani lakini naishi hatua chache kutoka bahari. Je, nihamie mchanga? Na kwa nini sevu zangu zinaruka nje nikicheza ufukweni Pirates?
*Bamburi*

Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi waliiwakilisha Kenya kwenye mchanga huko Tokyo, na walikuwa wa kwanza kutoka kwetu. Nafasi zipo, lakini ni mchezo mwingine. Uwanja ni mita 16 kwa 8 badala ya 18 kwa 9, watu ni wawili bila akiba, seti ni pointi 21 na ya tatu 15. Bloku, yaani kuzuia wavuni, inahesabiwa kuwa mguso wa kwanza. Ile danganya toto uliyozoea ndani, ya kuusukuma mpira juu ya wavu kwa vidole laini, ni kosa. Tumia vifundo vya vidole.

Kuhusu sevu: mpira wa ufukweni ni mkubwa kidogo na umejazwa upepo mchache, kilo 0.175 hadi 0.225 kwa sentimita mraba, dhidi ya kilo 0.30 hadi 0.325 wa ndani. Ukijaza kama wa ndani, unaruka nje. Nunua kipimo cha pampu. Halafu kuna upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi, kuanzia Aprili, hazigongi wavu kwa pembe moja. Pande hubadilishwa kila pointi 7 katika seti mbili za mwanzo kwa sababu hiyo hiyo. Ukiupa upepo uso, piga kwa nguvu na chini, mpira unaanguka wenyewe. Ukiupa mgongo, sevu fupi ya kuelea, mpokeaji anangojea mpira unaopita kichwani. Kabla ya kurusha sarafu ya kuchagua upande, okota mchanga kidogo uuachie kwa urefu wa wavu, uone unakokwenda. Upepo wa magotini hautakuambia kitu.

Panga mazoezi kwa maji. Siku za bamvua bahari hupanda hadi inakula uwanja, na inapokupwa huacha mchanga mgumu uliolowa ambao ni saruji tu kwa magoti. Funga wavu juu, kwenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita 40 angalau.

Na maji ya kunywa: jipime uzito kabla na baada. Kila kilo iliyopotea rudisha lita 1 na nusu ndani ya saa chache. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo kuliko uliyotoka jasho. Tia chembe ya chumvi.

Viatu vya voliboli ni ghali. Vya mitumba Kongowea vinafaa?
*Majengo*

Vinafaa ukijua kuchagua. Usichukue vya kukimbilia barabarani: kisigino ni kirefu na laini, ukitua pembeni kifundo kinapinduka. Tafuta soli bapa ya mpira. Kibonyeze katikati kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu kama ubao, povu limekufa hata kama juu kinang'aa. Kikunje: kinapaswa kukunjika vidoleni, si katikati. Mwisho angalia mshono wa soli mbele, upande wa kidole gumba. Gundi ya zamani huachia pale kwanza, na joto letu huiharakisha. Kama imefunguka, mpelekee fundi akishone kwa uzi kabla ya mechi ya kwanza.